Benchi la Mzee Matheka Linakwenda Njiru

Saa mbili asubuhi, Ayuma anapangusa benchi la tatu kutoka dirishani. Analipangusa tena, kisha tena, ilhali lilikuwa safi tangu mara ya kwanza.

Mchana lori litabeba mabenchi kumi na mawili kutoka kanisa hili la Dandora hadi Njiru, ambako tawi lililozaliwa hapa limetoka kwenye hema na kuingia chini ya mabati yake lenyewe. Desturi yao ni kwamba kanisa mama halinunulii tawi viti vipya. Hulipatia vile ambavyo watu wake wenyewe wanakalia.

Ayuma, mwenye miaka sitini na mmoja, amelitunza kanisa hili miaka kumi na tisa. Mabenchi kumi na moja ameyachagua bila shida. La kumi na mbili ni hili, kwa kuwa mengine mazima hayapo.

Lakini hili ni la Mzee Matheka, ambaye haoni. Ukingoni alichonga alama kwa kisu. Kila Jumapili huipapasa, akajua amefika.

"Pakia tu, mama. Benchi ni benchi," anasema Phares, mzee wa kanisa, akitazama saa.

"Hili lina mwenyewe. Nimemwita. Ngoja."

Mwandishi wa habari hii anamuuliza Ayuma kanisa mama maana yake nini. Anafikiri, kitambaa mkononi.

"Sijui vile wachungaji husema. Mimi naona ni lile ambalo Jumapili hii watu wake watasimama, ndio wa Njiru wakae."

Matheka anaingia akishika ncha ya fimbo yake. Ncha nyingine ameishika Khadro, jirani Mwislamu, aliyefunga duka ili amlete.

"Ayuma, kumbe unanifukuza?" Matheka anatania.

"Ukikataa, halitoki, mzee."

Anaketi. Anapapasa alama. Phares anaacha kutazama saa.

"Siku yangu ya kwanza nilisimama mlangoni," Matheka anasema. "Mtu akanishika mkono, akanikalisha hapa. Mpaka leo sijui alikuwa nani. Lipelekeni. Ila mniletee kisu."

Ayuma anamwongoza hadi kwenye benchi bovu karibu na ukuta. Matheka anapochonga, Phares anachuchumaa, anakunja kipande cha katoni na kukiweka chini ya mguu unaotikisika.

Jumapili Ayuma ataomba ruhusa, mara yake ya kwanza, aende Njiru.

"Nitakaa nyuma," anasema. "Nikiona mtu anaipapasa ile alama, nitamwambia imetoka kwa nani."