Pikapu ya Kwaya Iliyonyamaza

Bertin hasikilizi injini kwa sikio. Sikio la kulia lilikufa zamani kwa kugonga vyuma, na la kushoto husikia linapotaka lenyewe. Yeye huchukua nondo fupi, ncha moja akaigusisha kwenye injini, ya pili akaibana kwa meno, kisha akafumba macho. Mlio hupita kwenye chuma, ukaingia kwenye taya, ukafika kichwani. Wageni wanaopita njia ya soko la Baraka hucheka kuona mzee anatafuna gari. Wenyeji hawacheki. Wanamwita Docteur, na kwa miaka thelathini gari ambalo yeye amelitangaza zima limekuwa zima.

Alhamisi moja Lionel alileta pikapu ya kanisa. Lionel ndiye shofere wa kanisa, na kazi ya ufundi alijifunza kwa Bertin, chini ya bati la gereji hiyo hiyo.

"Docteur, iko inagonga," alisema. "Banasema ni valvu."

Bertin akabana nondo. Valvu zingegonga kijuujuu, haraka haraka, kama cherehani. Mlio huu ulitoka chini, mzito, bila haraka, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba ambayo anajua ina mtu ndani. Akamwambia Lionel achomoe nyaya za plagi, mmoja mmoja. Alipochomoa wa tatu, mlio ukafifia. Aliporudisha, ukarudi. Bertin akatoa nondo mdomoni na kutema mate.

"Ni bieli ya tatu, ule mukono wa pistoni. Kusine yake, ile bati laini ya katikati, imekwisha, chuma iko inapiga chuma. Hii gari isipande mulima. Siku bieli itakatika itatoboa motere, na we utakuwa kwa mulima na batu nyuma."

"Kusine iko wapi?"

"Uvira. Juma moja, kama njia inakubali."

Lionel akajikuna kichwa. "Jumamosi tunapeleka kwaya Fizi, Docteur. Bamama kumi na mbili. Na mama Bienfait iko ndani."

Mama Bienfait ni Marthe, mke wa Bertin, sauti ya pili.

"Basi batembee kwa miguu," Bertin akasema.

Lakini gari likishafikishwa kanisani si la fundi tena. Ijumaa jioni mchungaji Patrice aliita watu wote uani, wakaweka mikono juu ya kapo, kifuniko cha injini, na kuomba mpaka jasho likawatoka. Bertin naye, shemasi wa miaka kumi, aliweka wake. Mkono aliuweka, imani aliiacha gereji.

Jumamosi asubuhi Lionel akawasha. Injini ikaitikia laini, bila kugonga hata mara moja. Bamama wakapiga vigelegele, mzee mmoja akapiga magoti kwenye vumbi. Mchungaji akamtafuta Bertin kwa macho.

"Docteur, upime, utuambie."

Bertin alibana nondo, akafumba macho. Kimya. Hapo akaingiwa na shaka, kwa sababu kusine iliyokwisha haioti tena kama ukucha. Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta. Tone lilishuka polepole kama asali, na harufu yake ikampanda puani. Mafuta ya gia, yale mazito, yamechanganywa na ya injini.

Harufu hiyo aliijua vizuri mno. Miaka kumi na miwili nyuma aliuza pikapu yake mwenyewe, kusine imekwisha, kwa mfanyabiashara mmoja wa Misisi. Usiku wa kuamkia siku ya mauzo aliimiminia mafuta ya gia, na aliyemshikia kopo alikuwa Lionel. "Ikiwa baridi inanyamaza," alimfundisha. "Ikipata moto kwa mulima inaamuka. Lakini pale iko ya mwingine." Yule wa Misisi hakurudi kulalamika hata siku moja, na Bertin hakuwahi kuuliza kwa nini.

Aliinua macho. Lionel alikuwa akimtazama, kisha akatazama pembeni. Kijana wa watu hakutaka mchungaji aaibike.

Sasa, kusema kulikuwa rahisi kwa mdomo. Angesema ni mafuta, si muujiza, wangeuliza amejuaje. Angesema amejuaje, na ushemasi ungekwisha pale pale, mbele ya watu wote. Mficha uchi hazai, na Bertin alikuwa ameuficha wake miaka kumi na miwili.

"Unasema nini, Docteur?"

"Imenyamaza," Bertin akajibu.

Lilikuwa neno la kweli, na mimi uongo mbaya kuliko huo sijausikia.

Akazunguka nyuma ya pikapu, ambako Marthe alikuwa ameshakaa na wenzake, kitenge cha kwaya kimepigwa pasi.

"Mama Bienfait, shuka."

"Juu ya nini nishuke?"

"Roho yangu inakataa."

Katika kanisa lile, roho ya shemasi ikikataa watu hawaulizi mara mbili. Marthe akashuka. Aline, msichana wa sauti ya kwanza, akasogea pembeni kabisa, pale Marthe alipokuwa amekaa. Pikapu ikaondoka kimya kimya. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, na wala hawakuwa mafundi.

Nyumbani Marthe hakuvua kitenge. Alikaa mlangoni.

"Baba Bienfait, na benzangu? Babo roho yako inabakubali?"

Bertin alishika simu. Namba ya Lionel aliijua kwa kichwa. Akaiweka tena juu ya meza kwa aibu.

Simu ililia yenyewe saa sita mchana. Kwenye kona ya pili ya mlima injini ilikuwa imeamka. Bamama waliposikia mlio wa kugonga walizidisha wimbo, wakaimba kwa nguvu ili kuufunika. Kisha bieli ikakatika, ikatoboa ubavu wa injini, na pikapu ikaanza kurudi nyuma na wimbo wake mpaka ikajigonga kwenye ukingo. Hakufa mtu. Aline alirushwa chini, gurudumu likapanda juu ya mguu, na hospitalini wakaukata chini ya goti.

Jumapili ya nne baada ya ajali Aline alirudi kanisani na magongo mawili. Mchungaji alishukuru kwamba hakuna aliyekufa, kisha uso wake ukang'aa.

"Na kuna mutu Mungu alimuonyesha mbele. Docteur, kuya utoe ushuhuda."

Watu wakapiga makofi. Marthe hakupiga. Bertin akapita katikati ya mabenchi, na Aline akavuta magongo yake ili Docteur apate njia. Alimtabasamia. Ni tabasamu lile lililomvunja.

Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mungu hakunionyesha kitu," alisema. "Ile haikukuwa muujiza, ilikuwa mafuta ya gia. Mi nilisikia harufu yake, na mi ndiye nilimufundisha Lionel kuitia. Nilijua gari itakufa kwa mulima. Nikashusha wa kwangu, nikaacha ba kwenu."