Mkono Uliofukuliwa Ndia Kuu

Niliondoka Voi kwa sababu ya mkono, na wakati huo sikujua kama mkono wenyewe ulikuwa wa mtu. Simu ilipigwa duka la karibu na stesheni, mwenye duka akatuma mtu aniite mbio. Upande wa pili alikuwa Zuhura, shoga yangu tuliyesoma naye sekondari. Mafundi walikuwa wakichimba shimo jipya la choo uani kwao, Mji wa Kale wa Mombasa, wakakuta vidole.

"Vitano, Wakio. Nimevihesabu mwenyewe. Na arusi ya mwanangu Salma ni Ijumaa ijayo. Njoo upesi, si wewe uliyesomea watu?"

Ni mimi. Wanaonijua watanivumilia nikilirudia jambo hili: nilikwenda Ulaya kufagia wodi za hospitali, nikarudi na diploma ya anthropolojia. Niliisomea jioni, kwa mshahara wangu, bila mjomba wa kunishika mkono, na katika tarafa yetu sijasikia mwingine aliye nayo. Elimu hiyo ni ya binadamu mzima. Wako wanaopima mafuvu, wako wanaofuata nasaba na mahari, wengine husikiliza lugha, wengine hufukua vigae vya vyungu, wengine hukaa jikoni kwa watu mwaka mzima kuangalia nani anapakuliwa kwanza. Mimi nilipitia yote. Nilifunga mkoba, nikatia brashi ndogo, kijiko cha kuchimbia na daftari la kuchorea, nikapanda basi la kwanza.

Kabla ya adhuhuri tulivuka Makupa tukaingia kisiwani. Nilishuka Mwembe Tayari katikati ya wachuuzi wa machungwa na wapagazi waliotaka kuninyang'anya mkoba ili wanisaidie. Nikawaambia mkoba huu umebebwa na mwenyewe toka Ulaya, hautashindwa na barabara hii. Nikaenda kwa miguu.

Nilipofika Ndia Kuu, mtaa wao Zuhura, habari ilikuwa imenitangulia. Mwuza vinyago aliyekodi chumba cha chini kwa kina Zuhura alikuwa akiwanong'oneza watalii huku akielekeza kidole nyuma ya nyumba. Zuhura alinipokea mlangoni, macho yamevimba. Lakini Mombasa hata penye maiti watu husalimiana kwanza.

"Karibu, shoga. U hali gani?"

"Njema. Nyinyi je?"

"Alhamdulillahi. Watu wa Voi?"

"Wazima wote."

"Basi njoo uone balaa langu."

Uani palikuwa na shimo la kufika kifuani. Fundi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, sururu miguuni. "Mimi sishuki tena, mama," aliniambia kabla sijamwuliza. "Nimekuja kuchimba choo. Kaburi sikuambiwa."

Nikachungulia. Katika udongo, juu ya mabaki ya jamvi lililooza, mkono ulikuwa umelala wazi: vidole vitano, kiganja, kifundo. Nilimwuliza Zuhura kichwa kiko wapi. Alisema kichwa hakikuonekana, na hilo ndilo lililozidisha maneno.

Maneno yenyewe yalikuwa haya. Babu yake Zuhura, aliyeijenga nyumba ile, alikuwa mwalimu wa chuo, mtu aliyefundisha nusu ya mtaa kusoma Kurani. Alikuwa na mke wa kwanza, Mpemba. Siku moja mke huyo hakuonekana tena, na watu wakaambiwa amerudi kwao. Hakuna aliyeuliza zaidi. Sasa jirani mmoja alikuwa amesema barazani, na mtaa mzima ukayarudia: "Kumbe Pemba yenyewe iko uani."

Nilimshika Zuhura bega. "Nikikuta ni mtu, nitasema ni mtu, na polisi wataitwa leo leo. Ukitaka wa kukufichia, mimi narudi Voi."

Akalisogelea shimo. "Sema lililopo. Kama ni yeye, na ajulikane. Lakini arusi ya mwanangu itavunjika."

Alasiri alikuja Mzee Athman, ami yake bwana arusi, aliyemlea kijana huyo tangu alipofiwa na babake. Ana malori ya mizigo Shimanzi, na sauti yake imezoea kushindana nayo.

"Wewe ndiwe daktari?"

"Nina diploma ya anthropolojia."

"Ndiyo nini hiyo?"

Nikamweleza kama nilivyowaeleza hapo juu, na labda kwa urefu zaidi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaigeukia ghorofa ambako wanawake walikuwa wakichungulia.

"Daktari wa meno ana meno yake. Wa macho ana macho. Huyu ana mafuvu, ana mahari, ana vyungu! Mwenye yote hana lake, bibi." Kisha akamwambia Zuhura kwa upole, na upole huo ulitisha zaidi: "Mwanangu, sisi hatuna ugomvi nanyi. Lakini kijana wetu hatooa katika nyumba yenye maiti isiyo na kichwa. Kesho magharibi nitakuja kusikia. Kama hapana la kusikia, posa tutaiondoa."

Alipotoka, nilijifunga leso kiunoni, nikashuka shimoni. Fundi alisema mwanamke hafai kushuka. Nikamwambia aniteremshie taa ya kandili na anyamaze.

Nilianza na vidole, kwa brashi. Kiungo cha kidole cha mtu kina kichwa cha mviringo, ndicho kinachokuwezesha kushika kijiko. Vile vilikuwa bapa mwanzo hadi mwisho. Nikavitazama tena, nikakunja na kukunjua mkono wangu juu yake. Mkono ule haukupata kukunja ngumi maishani mwake. Nikaenda kwenye mbavu. Ubavu wa mtu ni mwepesi, mwembamba. Niliouchomoa ulikuwa mnene kama ndizi, mzito kama nondo, na palipovunjika hapakuwa na tundu la uboho. Ulikuwa mfupa mtupu, kama jiwe. Jasho likanitoka la furaha, lakini nikajizuia. Mtu mwenye haraka angepanda juu kupiga vigelegele. Mimi nilitaka miguu.

Nikachimba upande wa miguu. Miguu haikuwepo. Ulikuwepo uti wa mgongo, nao haukuisha. Nilifukua pingili moja, nikafukua nyingine, zikiendelea kupungua mpaka zikawa kama kete za bao, zikaingia chini ya ukuta wa jirani.

"Zuhura!" niliita. "Bibi wa babu yako alikuwa na mkia?"

Akainama ukingoni. "Wakio, mzaha gani huo?"

"Huyu ni nguva, shoga. Ni mnyama wa bahari. Nimepata kuiona mifupa yake katika kabati la kioo Ulaya, nikasimama mbele yake mpaka mlinzi akanitoa."

Zuhura alikaa chini kwenye vumbi na kulia. Fundi akaiinua sururu yake, akasema kama ni samaki tu, yeye kazi yake ilikuwa choo tangu mwanzo.

Asubuhi ya pili sikungoja magharibi. Nilifunga ubavu mmoja katika gazeti nikaenda Shimanzi. Malori yalikuwa yamepangana mpaka barabarani, makuli wakishusha magunia, vumbi la saruji likiruka. Nilimkuta Mzee Athman akimkaripia dereva. Nikamwekea ule ubavu mkononi bila salamu ndefu.

Aliupima. "Mzito."

"Wa mtu hauwi hivyo. Na mgongo wake una mkia."

"Pingili waweza kuzipanga wewe mpaka Likoni." Lakini hakunirudishia mfupa. Aliugeuza, akaunusa, akanitazama kwa macho ya mfanyabiashara. "Haya, tuseme ni nguva. Nani azikaye samaki ndani ya nyumba, amfunge jamvi, amfiche kichwa? Na mke wa mwalimu yuko wapi? Mfupa huu unajibu hilo?"

Dereva akacheka. Mimi sikucheka. Swali lilikuwa zuri, na swali zuri mimi silikimbii. "Haujibu," nilisema. "Kwa hilo kuna tawi jingine."

"La mahari au la vyungu?"

"La jikoni."

Adhuhuri nilikuwa Kibokoni, kwa Shangazi Rukia. Huyu ni binti wa mwisho wa yule mwalimu wa chuo, kwa mke wa pili, na ndiye pekee aliye hai kati ya waliolelewa katika nyumba ile enzi za mke wa kwanza. Nilimkuta juu ya kitanda cha kamba, anatafuna tambuu iliyotwangwa.

"Ah, Mtaita wa Zuhura! Keti kitako, mwanangu. Umekonda. Ulaya hawakukupa wali?"

Sikumwuliza habari ya maiti. Wangapi walikuwa wameshamwuliza? Nilimwuliza kwao walikula nini alipokuwa mtoto. Akafunguka. Alinipikia kwa mdomo mikate ya kumimina, akanipikia mchuzi wa papa, akamsema mpishi fulani aliyeiba samli. Nilimwacha apike. Alipofika kwenye samaki, nikauliza kama nauliza habari ya changu au kolekole:

"Na nguva, Shangazi?"

Taya likasimama. "N'nani alokwambia?"

"Mifupa."

"Mifupa haina adabu," alisema, akatema tambuu.

Ndipo nikamweleza desturi niliyokuwa nimeisikia pwani: kwamba zamani mtu akivua nguva, kwa kuwa mnyama huyo ana maziwa kama mwanamke, huapishwa mbele za watu kwamba hakumkaribia kama mke. Shangazi akajifunika uso kwa ncha ya leso. Mabega yakaanza kumtetemeka, na kwa muda sikujua kama analia au anacheka. Alikuwa akifanya yote mawili.

"Baba alikuwa na wavu wake mdogo, wa kujifurahisha. Alfajiri moja akamnasa. Haya, mwalimu wa chuo! Mtu anayewaosha watu ulimi kwa Kurani! Asimame msikitini aapishwe kwa ajili ya samaki? Akamwingiza kwa mlango wa nyuma, kafungwa jamvi. Tukala, tukaambiwa tukisema tutakatwa ulimi. Kichwa kingejulikana, akakitupa baharini; mabaki yakazikwa uani na jamvi lake."

"Na mke wake?"

Kicheko kikamtoka usoni. "Yeye hakula. Alikuwa bado ana maziwa kifuani, maana mtoto wake alikuwa amefariki mwezi ule. Alipoona yule mnyama uani amelala chali, alisema: huyu ana maziwa kama mimi. Atakayemla hatonigusa tena. Baba akala. Mkewe akafunga nguo zake akaenda kwao Pemba. Huko aliolewa, akazaa, akafa mzee. Habari ya kufa kwake niliipata mimi. Sikumwambia mtu, maana wangeuliza aliondoka kwa nini."

Nikamwambia lililobaki, bila kulipamba. Jioni ile posa ya Salma ingeondolewa. Mimi ningeweza kuwaonyesha mfupa, lakini wasingeniamini juu ya mke. Yeye ndiye wa kuamua kama babake atachekwa au ataitwa mwuaji.

"Nimeufunga mdomo huu tangu nina meno ya utoto," alisema, "na sasa sina meno."

"Ndiyo, Shangazi."

"Nipe buibui langu."

Magharibi ilikaribia tulipoingia Ndia Kuu, yeye akinishika mkono, akisimama kila baraza kuvuta pumzi na kujibu salamu. Mzee Athman alikuwa ameshakaa sebuleni, Zuhura mbele yake amenyooka kama mtu anayengoja hukumu. Salma alikuwa nyuma ya pazia; niliona vidole vya miguu yake, tayari vimepakwa hina.

Shangazi alisimulia yote, hakuruka kitu.

"Basi mwalimu hakuapa?" Mzee Athman aliuliza.

"Hakuapa."

"Na mlimla?"

"Tulimla."

"Mtamu?"

"Athman, mwanangu. Kama ndama wa maziwa."

Akaivua kofia akajifuta macho kwa kucheka, na nyuma ya pazia Salma naye akacheka kwa sauti, jambo ambalo bibi arusi hatakiwi kulifanya mbele ya ami wa mume. Mzee Athman akanigeukia. "Bibi, nilisema mwenye yote hana lake. Hilo nalirudisha." Nikamwambia nimelipokea. Na nililipokea kweli. Sioni haya kusema.

Kisha akakumbuka jambo. "Bibi yule wa Pemba, mwamwita nani?"

Zuhura akamgeukia shangazi yake. Siku zote zile alikuwa "yule Mpemba", kwa jirani, kwa wajukuu wa nyumba, na hata kwangu, niliyesoma kwamba jina ndilo huandikwa kwanza.

"Mize," alisema Shangazi Rukia.

Alhamisi, siku moja kabla ya nikaha, ilisomwa khitma ya marehemu wa nyumba. Nilikaa juu na wanawake, Mkristo wa Voi na mtandio kichwani. Sauti ya Mzee Athman ilipanda ngazi ikitaja majina, la mwalimu wa chuo, la wanawe. Halafu akalitaja la Mize. Shangazi aliitikia amina kabla ya wote.

Ijumaa Salma aliolewa. Jumamosi nilirudi Mwembe Tayari na mkoba uleule, na boksi la halua ambalo Zuhura alilazimisha nilichukue. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilifikiri juu ya nililojifunza, nalo nawaletea bila kulipunguza. Nilikwenda kutambua aliyekuwemo shimoni, nikamtambua, na sidhani kama katika wilaya yetu yuko mwingine ambaye angeweza. Lakini mtu aliyedhulumiwa katika nyumba ile hakuwemo shimoni kabisa. Brashi na kijiko visingemfikia. Nilimpata kwa kukaa kando ya kitanda cha kamba na kusikiliza habari za mchuzi wa papa. Ndiyo sababu nilikataa tangu mwanzo kuchagua tawi moja, na ndiyo sababu mwakani, Mungu akipenda, naenda Pemba kuwatafuta wajukuu wa Mize.