Meno ya Plastiki

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu kwa daktari wa meno hapa Dodoma mjini. Bado ni mtoto wa shule ya msingi, na jino lake moja la juu lilikuwa limeota kwa nyuma, likifungana vibaya na la chini. Daktari akasema atamtengenezea kifaa kidogo cha kuvaa kinywani, jino lisukumwe taratibu mpaka likae mahali pake. Kisha akanigeukia. "Mama, umemwahi," akasema. "Taya lake bado linakua. Ungesubiri awe mtu mzima, ingekuwa kazi ngumu na ya miaka." Nikamshukuru kwa mdomo uliofumbwa nusu, kama ninavyosema mambo yangu yote. Tulipofika getini nilikuwa na hasira, na sikujua niipeleke wapi.

Basi ngoja nikueleze. Nililelewa na bibi yangu, mzaa mama, kule Hombolo. Mama alifariki nikiwa bado nanyonya, na bibi akanichukua. Ukiniuliza utoto wangu ulinukia nini, nitakuambia karanga zikikaangwa kwenye kigae, na mlenda ukichemka jioni kusubiri ugali wa uwele. Zabibu zikikaribia kuiva, sisi watoto tulishinda shambani tukipiga madebe kuwafukuza ndege, tukila tulizoziokota, mpaka vidole vinanata. Bibi alitwanga akiimba, nami niliitikia kutoka popote nilipokuwa. Nilikuwa na sauti, rafiki yangu. Majirani walisema bibi hana haja ya redio.

Sasa sikia kilichotokea kabla sijawa na akili ya kukumbuka. Muda mfupi baada ya mama kuzikwa, niliharisha na kushikwa na homa. Kwetu siku hizo mtoto akiharisha walimfunua fizi, na wakiona vivimbe vyeupe pale chonge zinapojiandaa kuota, walisema ana meno ya plastiki, yasipotolewa atakufa. Bibi alikuwa ametoka kumzika binti yake. Akanibeba mgongoni mpaka kwa mzee mmoja, naye akanichokoa fizi kwa spoki ya baiskeli iliyochongwa ncha. Nilipona, kama ambavyo ningepona hata bila hiyo spoki. Lakini kilichotolewa hakikuwa plastiki. Yalikuwa meno yangu mwenyewe, machanga, na yale ya ukubwani yaliyokuwa chini yake yakaumizwa pamoja nayo.

Nilipoanza kuota meno ya ukubwani, ndipo mambo yakaharibika. Upande mmoja chonge haikuota kabisa. Upande wa pili ikachomoza juu kwenye fizi, imepinda. Meno mengine yakalala kuelekea pengo. Nyama niliitafuna upande mmoja, na shavu nilijing'ata kila siku. Wenzangu darasani walinipa majina ambayo sitayarudia hapa.

Siku moja wakaja shuleni wataalamu wa meno kutoka mjini. Daktari mmoja, mama mtu mzima, alinichunguza muda mrefu kuliko wengine, akamwita mwalimu wetu. Akamweleza kwamba niletwe hospitali mapema, nafasi ile izuiwe isizibwe na meno yanayosogea, kwa sababu kwa mtoto jambo hilo bado ni dogo. Mwalimu akatufuata mpaka nyumbani jioni ile. Bibi alimkaribisha kigoda, akamsikiliza kwa heshima zote, akasema tutakwenda tukishavuna zabibu.

Tulivuna. Nikawa nafua gauni langu la kanisani kila wiki, niwe tayari. Mwalimu akakumbusha, bibi akajibu vilevile. Msimu mwingine ukaja, mwalimu akahamishwa, na habari ikaishia hapo.

Nilikuwa kwenye kwaya ya watoto kanisani. Mpiga picha alipokuja, mwalimu wa kwaya alinisogeza nyuma na kuniambia nifumbe mdomo. Hakuwa na nia mbaya, nadhani. Jumapili iliyofuata sikwenda mazoezini, wala sikurudi tena. Nikajifunza kucheka nikiwa nimeziba mdomo kwa kiganja. Bibi akanisifia kwa majirani jinsi nilivyokuwa na adabu, mtoto wa kike asiye na makelele.

Nilipomaliza sekondari nilimuuliza, tukiwa tunapukuchua mahindi. "Bibi, kwa nini hukunipeleka?"

"Wangekufunua mdomo, mjukuu wangu," akasema. "Wangeuliza nani alikufanyia hivi. Ningewaambia nini?"

Ndipo akanieleza kwamba aliwahi kumwona muuguzi kliniki akimgombeza mama mmoja kwa ajili ya meno hayohayo, mtoto ameachamishwa mbele ya foleni nzima. Bibi aliapa moyoni hatasimama pale. Nilimwelewa. Sikumsamehe, na muuguzi yule sijamsamehe pia.

Bibi alipofariki, kwaya ilikuja msibani. Waliziimba nyimbo zake za kanisani, nami nilizijua zote, beti kwa beti. Nilisimama kando ya jeneza nimeziba mdomo kwa khanga, nisiweze kumwimbia hata mstari mmoja. Waombolezaji walisema uchungu umenishika koo. Niliwaacha waamini hivyo.

Siku hizi kliniki wanaeleza kwa upole, na spoki zile sizisikii sana. Nyumba ya bibi imebomoka, shamba la zabibu ni viwanja vya watu. Binti yangu amekizoea kifaa chake. Anaimba nacho asubuhi akioga, mate yakimtoka, wala hajali nani anamsikia. Mimi husimama jikoni nikimsikiliza. Nampenda kuliko kitu chochote duniani, na namwonea wivu.