Figo za Dada na Bingwa wa Makaratasi

Dada yangu mkubwa ni fundi cherehani. Siku moja aliniita kwenye chumba chake cha kazi, akasema, "Mdogo wangu, mguu hausikii pedali." Nikatazama. Mguu ulikuwa palepale juu ya pedali, umevimba hadi kamba za kiatu hazifungiki, naye anauangalia ili ajue kama upo.

Tukampeleka hospitali, kwa bingwa. Kila mtu alimwita hivyo, naye alilipenda jina hilo kuliko alivyopenda wagonjwa. Akasoma majibu ya damu, akasema bila kuinua kichwa, "Sukari imekula figo na mishipa ya fahamu."

"Mbona hapo imeandikwa sukari iko sawa, daktari?" dada akauliza.

"Mama, kati yetu nani kasomea?"

Basi dada akatibiwa ugonjwa asiokuwa nao kwa miezi kumi na minne. Ngozi ikamwiva ikawa nyeusi kuliko ya sisi ndugu zake, vinyweleo vikamwota mikononi, kucha zikapauka. Wifi yake, mwanamke asiyekosa jibu na asiyewahi kuwa na jibu la maana, akatangaza kuwa ni krimu za magendo. Shemeji yangu, mume wa kujazia picha za familia, akatikisa kichwa kuafiki.

Figo zilipokaribia kuzima, bingwa akaandika barua: mgonjwa aanze kusafishwa damu kwa mashine. Akapiga muhuri, kazi yake ikaishia hapo.

Kwenye kliniki ya figo tukapokewa na daktari kijana, mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba. Huyu alifanya maajabu ambayo bingwa hakuwahi kuyafikiria: alimwambia dada avue soksi. Akampitishia pamba kwenye unyayo.

"Unasikia?"

"Nini?"

Akatazama kucha, akabonyeza tumbo, akakuta wengu umevimba. Akaagiza picha za mifupa na vipimo vingine vya damu. Wiki ya pili akatuketisha.

"Kuna uvimbe kwenye mfupa wa nyonga. Chembe zake zimeasi, zinamwaga vitu kwenye damu vinavyochoma mishipa ya fahamu, ngozi na figo. Ni ugonjwa wa nadra sana. Figo zako hazina kosa, mama. Zinaungua kwa moto wa jirani. Tukiuzima, huenda zikapona."

Dada akalia, kisha akataka twende kwa bingwa siku hiyohiyo. Bingwa akasoma karatasi, akakohoa. "Hata mimi nilikuwa nimeanza kuushuku."

"Ukiwa umekaa hapohapo?" dada akamuuliza. "Miguu yangu uliiona wapi?"

Bingwa akamwita mgonjwa mwingine.

Matibabu yalikuwa mazito. Dawa zilimnyoa nywele, na wiki tatu alifungiwa chumba cha peke yake baada ya kurudishiwa mbegu za damu, zile chembe zinazozaa damu mpya, zilizovunwa mwilini mwake mwenyewe. Lakini uvimbe wa miguu ukashuka, na figo zikarudi zaidi ya nusu. Ile mashine hakuiona ila mlangoni. Nyayo ndizo zinazochelewa. Anatembea kwa fimbo na anashona kwa cherehani ya umeme, swichi iko mkononi.

Shemeji siku hizi anawasimulia watu kwamba yeye aligundua tangu mwanzo kuwa tatizo ni damu. Dada humwacha aseme. Akileta suruali iliyopasuka, humwonyesha sindano ilipo.