Manowari Iliyong'oa Wigi la Shangazi

Jamani, chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshacheka, ingawa wiki nzima nilikuwa nafungua kibanda changu cha kutengeneza simu hapa Ikungi nimeinamisha kichwa kama mtu aliyeiba kuku.

Mnaujua ugonjwa wangu: naunda manowari za plastiki, mifano ya zile meli za kivita za mwanzoni mwa karne iliyopita, zinakuja vipande vipande kwenye boksi, unashika kwa kibano, unabandika kwa gundi (na maji mengi zaidi niliyowahi kuyaona ni ya Ziwa Singidani, lakini hilo mtaniachia). Sasa Shangazi Debora, dada wa marehemu baba, aliwahi kusimama kwenye kikao cha familia akasema, "Yohana ana miaka arobaini, bado anachezea vidoli." Iliniuma sana. Kwa hiyo dada yangu Neema alipoolewa, nikaamua zawadi yake iwe manowari niliyoihangaikia miezi minane, mabomba matatu ya moshi, mizinga myembamba kama sindano, kamba za mlingoti nimezivuta mwenyewe kutoka kwenye plastiki niliyoilainisha kwa mshumaa. Shangazi aione, anyamaze!

Mke wangu akanionya, "Baba Irene, iache kwenye boksi." Nikasema boksi la nini, kazi ya mikono haifichwi. Hapo ndipo nilipojimaliza.

MC akaita ndugu wa bibi harusi, muziki ukapigwa, tukaanza kucheza kwenda mbele, wenye blanketi na blanketi, wenye masufuria na masufuria, mimi na manowari yangu viganjani, watu wanapanda juu ya viti kuchungulia, simu zote zinanipiga picha (nyingi nimezifufua mimi), nikaongeza mabega, nikaongeza kiuno, na Shangazi naye mzuka ukampanda, akainuka na vigelegele kuja kunipokea, akanikumbatia, mlingoti ukazama kwenye wigi lake.

Nikavuta. Akavuta. MC, badala ya kusaidia, akatusogezea maiki, na ukumbi mzima ukanisikia nikilia, "Acheni nywele, okoeni mlingoti!"

Wigi likang'oka lote. Manowari ikabaki mikononi mwangu imevaa nywele, Shangazi amebaki na nywele zake za mistari, msuko wa twende kilioni, tena harusini, na mimi, Mungu anisamehe, hata pole sikumpa, nilianza kuhesabu mizinga. Mmoja haupo. Nikamkabidhi Neema manowari, naye akanirudishia palepale, akasema ataipokea ikikamilika.

Wiki iliyofuata namwona Shangazi anashuka kwenye bodaboda mbele ya kibanda, ametoka kwake kijijini Mungaa. Nikaiweka chini simu niliyokuwa naitengeneza, nikasimama.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba." Akafungua pindo la khanga, akatoa kijiti cha kijivu. "Nimechana wigi lile kutwa nzima, unywele kwa unywele, nikakipata. Uso wako siku ile, nilidhani umefiwa."

Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza. "Utaomba baadaye. Kwanza nionyeshe kinakaa wapi."

Nikampa lenzi na kibano. Akabandika mwenyewe, pumzi ameibana, ulimi nje, na mzinga ukakaa sawasawa.

Mke wangu nimeshamwapia: manowari haitoki tena bila boksi. Lakini mkifika kwa Neema mtaikuta kabatini, na Shangazi akiwepo, hamtakalishwa kwenye kiti kabla hajawaonyesha mzinga wake.