Mpatanishi wa Chumba cha Pasi

Mama Pacha hakujaliwa mkono wa pasi. Tangu aolewe kwenye ukoo wa madobi alikuwa akiunguza kola, na mumewe alipofariki, pasi ikabaki kuwa mkate wake na wa mapacha wake. Chumba cha pasi hakikuwa na dirisha. Mvuke ulipanda, ukakosa pa kutokea, ukamrudia usoni. Angekwenda wapi? Pa kulala pa shemeji, kazi ya shemeji, hata sabuni ya kuogea ya shemeji.

Mashemeji wenyewe walikuwa wawili, chui na paka. Siku moja bwana harusi alikuja kuchukua suti, akaikuta imeingia rangi. Mkubwa akamlaumu mdogo, mdogo akamlaumu mkubwa, mara wakakunjana mbele ya mteja. Mama Pacha akatoka, jasho likimchuruzika. Akampa bwana harusi kiti, kisha akasimama katikati ya wale ndugu.

"Shemeji, hebu niambie, unaogopa nini hasa?"

Mkubwa akahema. "Duka la baba lisije likafia mikononi mwangu."

"Na wewe, shemeji mdogo?"

"Mi nimechoka kuitwa mtoto. Nina mvi!"

Bwana harusi akaangua kicheko, na wao wakacheka kwa aibu. Suti wakaifua upya pamoja, mmoja akisugua, mwenzake akisuuza.

Habari haina miguu lakini hufika. Mpangaji akamleta mwenye nyumba wake, fundi viatu akaja na mkewe, wote wakinong'ona magomvi yao mlangoni pa chumba cha pasi. Mama Pacha aligundua kwamba anasikia neno lililojificha chini ya neno, bila kujikaza, kama wengine wanavyosikia mvua. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hicho ni kipaji. Ofisi ya usuluhishi ya mtaa ikamwita akajifunze kazi hiyo.

Mashemeji wakaja juu, kwa mara ya kwanza wakiwa kitu kimoja.

"Ukiondoka tutauana!" alisema mkubwa.

"Wallahi tutauana," mdogo akaitikia.

Usiku huo usingizi ukampaa Mama Pacha. Kumbe alichojaliwa ndicho kilichomfungia mlango!

Asubuhi aliwaambia, "Mnagombana kwa raha kwa sababu mnajua nipo. Jumanne na Alhamisi sipo."

"Na pasi?"

"Kola zangu mnazijua. Hamtapata hasara."

Mama mkwe, aliyekuwa akikunja mashuka, alicheka hadi akashika mbavu. "Mwacheni aende," akasema.

Akaenda. Ofisini kulikuwa na madirisha mawili, na watu walimngoja amalize kuwaza. Lakini siku zilizobaki zilikuwa za mvuke. Ijumaa ya kwanza alikuta mashati yamefika dari, na mashemeji hawasemeshani. Kila mmoja akamtupia jicho la kuomba.

Safari hii hakumuuliza mtu kitu; wapatane wenyewe. Alichukua shati la juu, akalitandaza, akaanza kupiga pasi, mikono ya shati kwanza.