Kalibu Baridi

Mimi shule niliacha darasa la nne, na sioni haya kulisema. Kilichonilisha nilifundishwa na baba kwa kusubu risasi, yaani kuyeyusha madini na kuyamimina kwenye kalibu ya umbo lake. Alikuwa na kibali cha uwindaji na bunduki kuukuu, ile ya kukoki kwa kuvuta mkono wa chini. Risasi zake madukani hazikupatikana tena, basi tukijaza upya maganda yale yale na vichwa tukivisubu wenyewe. Vichwa butu, kwa kuwa bunduki ile hupanga risasi ndani ya bomba la chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine. Kichwa chenye ncha kingemgonga mwenzake matakoni penye fataki, bomba likalipuka, tukazikwa wote.

Kabla ya kumimina, baba alichovya pembe ya kalibu ndani ya chungu cha madini yaliyoyeyuka, ipate moto. Ikiwa baridi, kichwa hutoka na makunyanzi. "Rudisha chunguni," alisema. "Hata sungura atakicheka."

Sasa mwaka jana niko Shiling, huko China, kwenye karakana ya bizimu za mikanda. Kontena langu linafungwa kesho yake, na nusu ya bizimu zina makunyanzi. Nikizifikisha Kariakoo hivyo, wateja wangu wanahamia kwa jirani.

Laobani, mwenye karakana, akanitazama bila aibu. "Mzee, hiyo ndiyo fasheni."

"Fasheni ya nani? Ya bibi yako?"

Nikavuta kigoda, nikakaa kuwachunguza mafundi wake. Asubuhi yote zikatoka safi. Saa sita mafundi wakala, wakalaza vichwa mezani wakasinzia, ndiyo desturi yao. Saa nane wakaamka na kumimina papo hapo. Makunyanzi. Kumbe walipolala, kalibu nazo zilipoa.

Nikashika koleo, nikaichovya pembe ya kalibu chunguni.

"Ukiiharibu, umeinunua," akasema laobani.

"Nimeinunua. Tulia."

Bizimu mbili za kwanza zikatoka na makunyanzi, nikazirudisha chunguni. Ya tatu ikaanguka mezani laini kama yai. Laobani akaigeuza, akaisugua kwa kidole gumba, akaisugua tena.

"Mzee, njoo ufanye kazi hapa. Nitakulipa vizuri."

"Huniwezi. Leta kalibu nyingine."

Tukasubu mpaka jioni, mafundi wakishangilia kila niliporusha bizimu mbovu chunguni. Kesho yake nililifunga kontena mwenyewe, bila kunyanzi hata moja ndani, na njia nzima ya kurudi mjini nilikuwa nikiimba.